Mteja Mmoja

Maman Béatrice alifariki mwezi wa tatu mwaka huu, katika hospitali moja hapa Brussels, baada ya ugonjwa ambao mwenyewe hakupenda utajwe. Nilipata habari kwa simu ya binti yake wa mwisho, nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa matanga siku mbili katika nyumba yao ya Forest, nikimenya viazi pamoja na wanawake ambao wengi wao sikuwajua. Mumewe, tonton Déo, alikuwa ameketi sebuleni akipokea watu. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Zaina, umefika," kisha akamgeukia aliyenifuata. Sikulia. Nilirudi jikoni, nikakaa karibu na dirisha nikiendelea na viazi, na kila mara wanawake wale walipotaja wema wa marehemu, nami nikiitikia pamoja nao, nilikuwa nafikiria jambo moja lililopita kati yangu na yeye tulipokuwa vijana, jambo ambalo tuliishi nalo miaka yote hii bila kulitaja tena, hata tulipokuwa wawili peke yetu.

Linatokana na mwaka mmoja tu, zaidi ya miaka ishirini na mitano iliyopita. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mkimbizi kutoka Bujumbura, nikisomea mambo ya fedha katika chuo cha watu wazima pale Saint-Gilles. Jinsi nilivyofika Ubelgiji, na niliowaacha nyuma, si habari ya sura hii. Inatosha kusema kwamba chuo kikuu kilikuwa kimevikataa vyeti vyangu vya sekondari kwa sababu havikukamilika, na chuo kile cha watu wazima ndicho kilichobaki. Aliyemaliza miaka yake miwili pale, na kazi yake ya mwisho ikapata alama kumi na nne juu ya ishirini, aliruhusiwa kuendelea na shahada chuo kikuu bila kuanza upya. Aliyepata chini ya hapo alipewa diploma, akapongezwa, akaenda kutafuta ofisi ya kuandikia ankara. Mwaka ninaousimulia ni ule wa pili. Wanawake wa Kirundi niliokutana nao msikitini siku za Ijumaa waliniuliza, "Mwanangu, riba unaisomea nini?" Nikawajibu kwamba daktari naye husoma maradhi. Walicheka, lakini hawakuridhika.

Nilipanga chumba ghorofa ya tatu katika nyumba ya zamani, moja ya zile nyumba nyembamba na ndefu zilizokatwakatwa zikawa vyumba vya kupangisha. Dari lilikuwa na maua ya plasta ambayo ukuta uliojengwa baadaye uliyakata katikati, hivyo nusu ya ua ilikuwa kwangu na nusu kwa Mreno wa chumba cha pili. Mwenye nyumba, Madame Simone, mjane wa miaka sabini na kitu, aliishi chini kabisa. Aliwahi kukaa Bukavu miaka kumi na minne, mumewe akiwa mtunza hesabu wa shamba la chai, na alikuwa na Kiswahili cha ajabu: kilikuwa cha amri tupu. Alijua leta, funga, panguza, ngoja, upesi. Hakujua kusema "nimechoka" wala "nimefurahi". Siku ya kwanza aliponipa ufunguo alisema, "Wewe funga mlango muzuri," nami nikaelewa kwamba hakuwahi kuongea lugha hii na mtu aliyeketi mezani pake. Hata hivyo alinikaribisha mezani. Kila Alhamisi alasiri aliniandalia supu ya vitunguu, akavaa miwani, akasahihisha Kifaransa changu kwa penseli nyekundu, bila malipo na bila tabasamu. Nikiandika vibaya alisema, "Hapana," akakata mstari mzima. Wengi wangemchukia. Mimi sikumchukia, na sikumpenda pia. Nilimhitaji, na nadhani naye alihitaji mtu wa kumwambia hapana.

Déo nilimkuta chuoni. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mtu wa Bukavu, mrefu, mwenye vidole vilivyokauka kwa gundi. Alifanya kazi katika kiwanda cha viti vya magari kule Forest: kiwanda kidogo, kilichotazamana, ng'ambo ya barabara, na kile kikubwa cha magari ambacho watu wote wa Brussels wanakijua. Zamu yake ilibadilika kila wiki, asubuhi wiki moja, mchana wiki inayofuata. Chuo kilikuwa na masomo asubuhi na kurudia yale yale saa kumi na moja jioni, kwa ajili ya watu kama yeye, lakini zamu na ratiba hazikuoana kila mara, na siku alizokosa nilimwandikia mimi. Mwanzoni nilinakili tu yaliyokuwa ubaoni. Yeye akanirudishia daftari. "Zaina, hii nimesoma, sikuelewa. Donc na weye haukuelewa." Ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo nikawa naandika kama mtu anayemweleza mwingine njia ya kufika nyumbani kwake, na ndivyo nilivyojifunza fedha. Yeye kwa hesabu alinishinda mbali. Aliweza kupiga thamani ya leo ya malipo ya miaka kumi kwa kichwa, amefumba macho, huku mkono unapapasa meza kana kwamba unatafuta uzi wa kushonea kiti. Mpango wetu ulikuwa mmoja: kumi na nne juu ya ishirini, kisha chuo kikuu, wote wawili.

Jumapili nilikula kwao. Walikaa wakati ule katika vyumba viwili, ghorofa ya kwanza, yeye, mkewe Béatrice na watoto wawili wadogo. Béatrice alisafisha maofisi na aliimba kwaya. Aliposikia kwamba siwezi kula nyama yoyote isipokuwa iliyochinjwa kwa desturi yetu, hakuuliza swali. Kila Jumapili ilikuwa samaki. Mara samaki wa chumvi aliowaloweka tangu jana yake, mara ndagala wakavu kutoka maduka ya Matonge, mtaa wa Waafrika, pamoja na sombe ya majani ya muhogo na ugali mweupe uliofunikwa kwa sahani. Saa ya swala ilipofika alinipeleka chumba cha watoto, akatandika shuka safi sakafuni, akawafukuza watoto, akafunga mlango. Ukuta wa chumba kile ulikuwa mbao tu. Jumapili moja, nilipokuwa nimemaliza kusali na bado nimeketi, nikamsikia akiongea jikoni na dada yake.

"Na kale kasichana ka Buja?" dada aliuliza.

"Kale kanakula samaki yangu, na kananichukulia bwana."

"Kanamuchukua namna gani?"

"Si vile unafikiri. Kwenye kichwa. Anatoka kazi, haulizi batoto banaendelea je. Anauliza kama Zaina ametuma ma-notes."

Kisha nikasikia mfuniko wa sufuria. Nilikunja shuka nikatoka. Béatrice alinipakulia kipande cha kichwa, kile wanachopewa wageni wa heshima, akaniuliza kama chumvi imetosha. Nikamwambia imetosha. Nilikula chote. Nilikuwa katika umri ambao mtu akishtakiwa kwa jambo asilolifanya, bado huona haya kana kwamba amelifanya.

Mwezi wa nne tulitakiwa kuchagua kampuni ya kuichambua kwa kazi ya mwisho: kuchukua hesabu zake za mwaka, ambazo hapa Ubelgiji huwekwa hadharani, na kueleza kama ina afya. Déo alichagua kiwanda cha biskuti. Mimi alinichagulia kiwanda chake mwenyewe.

"Fanya juu ya usine yetu," alisema tukiwa kwenye ngazi za chuo. "Miye siwezi. Muntu hawezi kujipasua tumbo yeye mwenyewe."

"Kwa nini unataka ipasuliwe?"

Akanieleza. Kiwandani walitaka kumfanya chef d'équipe, msimamizi wa kikundi cha watu kumi na wawili. Mshahara ungepanda, lakini saa zingeongezeka na masomo yangekwisha. Walitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi wa tano. "Bon. Nitangojea kazi yako. Kama usine iko nguvu, nakubali. Kama haina nguvu, naacha ile cheo, tunaenda université sisi wawili. Weye andika tu yenye unaona."

Nilifanya kazi ile wiki tano. Mizania ilikuwa nzuri: madeni machache, mashine mpya, faida ndogo lakini ya kila mwaka. Ilinichukua muda kuona tatizo, kwa sababu halikuwa kwenye tarakimu. Lilikuwa kwenye mstari mmoja wa ripoti ya wakurugenzi, uliosema kwamba mauzo yote yalikwenda kwa mnunuzi mmoja. Viti vyote vilivuka barabara. Nilikaa na mstari ule siku nzima, kisha nikaandika hitimisho langu: kiwanda hiki kina afya ya mtu anayepumua kwa pua ya mwenzake, mteja huyu akiondoka, au akibadili aina ya gari, kitafungwa ndani ya mwaka, na jambo hilo laweza kutokea katika miaka mitano ijayo. Niliipenda sentensi ile. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba nimejua kitu ambacho sikuambiwa na mtu.

Wiki hiyo hiyo Béatrice aliniomba tukutane Porte de Namur, kwenye mlango wa metro, Jumamosi asubuhi. Nilidhani anataka nimbebee mizigo. Tulipita maduka mawili, akanusa ndagala, akawakataa, akanunua mihogo. Halafu akasimama katikati ya watu, mfuko mkononi, akaniambia bila kupunguza sauti.

"Zaina, miye sikusoma sana. Lakini najua kuhesabu midomo yenye iko nyumbani. Iko ingine inakuja."

Nilitazama tumbo lake. Halikuonekana bado.

"Déo hajue," alisema. "Contrat yangu ya usafi inaisha mwezi wa saba. Bakiona tumbo, habataniandikia ingine. Yeye akienda kusoma tena miaka mitatu, nani atalisha batoto? Weye?"

"Maman Béatrice, mimi naandika tu kilichomo kwenye hesabu."

"Najua. Anakuamini kuliko miye. Andika kama usine iko muzuri. Ni bongo, ni kudanganya? Haiko bongo. Inalipa kila mwezi, haijakosa hata siku moja." Akahamishia mfuko mkono wa pili. "Sijakuomba kitu tangu uingie mu nyumba yangu."

Ni kweli hakuwa ameniomba kitu. Nilikumbuka shuka sakafuni, nikakumbuka na yale niliyoyasikia nyuma ya mbao, na kwa muda ule mambo hayo mawili yalisukuma upande mmoja. Nikamwambia nitaangalia. Alinishukuru kwa kunipa mihogo miwili, nikarudi nayo Saint-Gilles kwa miguu.

Niliandika hitimisho jingine. Kiwanda kina mizania imara, niliandika, madeni kidogo na wateja waaminifu. Kila neno lingeweza kutetewa isipokuwa wingi wa neno "wateja". Alhamisi nilimpelekea Madame Simone, lakini kwa haraka nilimwekea mezani karatasi zote, hitimisho la kwanza na la pili. Alizisoma zote mbili, penseli mkononi, supu ikapoa.

"Hii ya kwanza muzuri," alisema. "Hii ya pili hapana wewe. Nani nasema wewe andika hii?"

"Nimeamua mwenyewe."

Akavua miwani. Akaendelea kwa Kifaransa, kwa kuwa Kiswahili chake hakikuwa na maneno ya jambo hilo. Alisema mumewe naye aliandika hivyo kutoka Bukavu, kila wakubwa walipotaka kusikia kwamba chai inaendelea vizuri. Nikamuuliza ilikuwaje. "Walimpandisha cheo," alisema, akasahihisha makosa matatu ya tahajia katika hitimisho la pili, akanirudishia.

Kazi zote ziliwekwa maktabani wiki mbili kabla ya mtihani wa mdomo, ili yeyote azisome. Déo aliisoma yangu akiwa amesimama, na koti lake la kazi mwilini. Nilikuwa meza ya pili nikijifanya natafuta kitabu. Alisoma kurasa za mwisho mara mbili, akafunga, akanijia. "Asante, Zaina. Umefanya kazi muzuri." Jumatatu aliwapa jibu kiwandani. Hakuwasilisha kazi yake ya biskuti. Nilipomuuliza alisema anaweza kurudi kusoma mwaka wowote, chuo hakina miguu.

Siku ya mtihani wa mdomo nilikuwa na watu watatu mbele yangu: mwalimu wetu, Monsieur Delcourt, na wageni wawili kutoka nje. Delcourt alikuwa mtu mpole, mwenye suti moja ya kahawia, na alifungua kazi yangu moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho. "Mademoiselle, umeandika hapa, wateja waaminifu. Ni wangapi?" Nilijua kwamba nikisema "wengi" nimekwisha, na nikisema sijui nimekwisha vilevile. "Ni mmoja," nikasema. "Na akiondoka?" "Kiwanda kinafungwa." "Mbona hukuandika?" Nikasema nilikosea. Akanionyesha ubao. Nikasimama, nikawaeleza hitimisho langu la kwanza, lote, pamoja na miaka mitano, pamoja na sentensi niliyoipenda, kwa dakika ishirini bila karatasi. Sijawahi tena kuongea vizuri namna ile. Wakati ule ule Déo alikuwa kilomita chache kutoka pale, katika wiki yake ya kwanza kama msimamizi, akiwaonyesha watu kumi na wawili jinsi ya kunyoosha kitambaa. Nilipewa kumi na sita juu ya ishirini. Delcourt alisema mdomo wangu una akili kuliko kalamu yangu, wageni wakacheka, nami nikacheka nao.

Nilimaliza shahada. Leo kazi yangu ni kuzipima kampuni kabla hazijakopeshwa, na huulizwa mara nyingi jinsi ninavyojua pa kutazama. Madame Simone alikufa nikiwa mwaka wa mwisho, nyumba ikauzwa. Béatrice alizaa msichana, yule aliyenipigia simu mwaka huu, na aliendelea kunipikia samaki kila nilipokwenda, ingawa nilikwenda mara chache kuliko zamani. Déo hakurudi kusoma. Na kiwanda cha viti hakikufungwa katika miaka mitano, wala katika kumi. Kilipita misukosuko kadhaa, kikabadili aina ya viti, kikadumu robo ya karne, mpaka kile kikubwa cha ng'ambo ya barabara kilipofungwa mwaka jana na chenyewe kikafuata ndani ya miezi michache. Wakati huo Déo alikuwa na miaka sitini. Alikuwa amesomesha watoto watatu na kununua nyumba ile ya Forest. Hitimisho langu la kweli lilikuwa limekosea kwa miaka ishirini, na lile la uongo lilikuwa limewalisha watu watano. Nimelifikiria jambo hilo kwa namna zote ninazofundishwa kazini kufikiria, na halijanisaidia.

Baada ya siku arobaini za msiba nilirudi kwa Déo. Alikuwa peke yake. Alipika chai mwenyewe, akaweka sukari nyingi mno, tukaketi jikoni mchana mzima milango ikiwa wazi. Tulizungumza habari za watoto, za kaburi, za makaratasi ya bima. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kuhusu Porte de Namur, mihogo, mimba, na karatasi mbili. Nilijitahidi kusimulia bila kumlaumu marehemu na bila kujitetea, na nadhani sikufaulu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Alinisikiliza akizungusha kijiko. "Nilijua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Zaina. Miye ndiyo nilikuwa napakia viti mu malori kila siku. Camion yote inavuka barabara moja. Wateja gani?" Alicheka kwa sauti ndogo. "Nikasoma ile neno, nikajua Béatrice amepita kwako. Na mimba nilijua. Muke anaacha kunywa kahawa, unafikiri bwana haoni?"

"Basi mbona ulikubali ile kazi?"

"Juu nilitaka kukubali. Nilikuwa nachoka. Nilitafuta karatasi yenye itasema ndiyo pa nafasi yangu. Haukuniharibia kitu. Usibebe ile."

Ningeweza kuishia pale. Alikuwa amenifungulia, na watu wengi wangetoka. Lakini nilikuwa nimesimulia nusu tu, kama kawaida yangu, nikaona kwamba nikiondoka na ile nusu nitakuwa nimefanya kitu kile kile mara ya pili, katika nyumba ile ile. Nikamwambia kuhusu mtihani wa mdomo. Nikamwambia kwamba wiki mbili baada ya yeye kusoma hitimisho la uongo, nilisimama mbele ya watu watatu wasionidai wema wowote, nikawapa lile la kweli, nikapata kumi na sita.

Aliacha kuzungusha kijiko. Alitazama nje, kwenye uwanja mdogo ambako Béatrice alikuwa akianika nguo, na sura yake ikawa ya mtu wa kazini, msimamizi anayesikia kwa mara ya kwanza kasoro ambayo wengine wote walikuwa wanaijua.

"Ile sikujua," alisema.

Hakukasirika. Alichukua kikombe changu, akakisuuza, akakirudisha mezani, akaketi.

"Kama ungeniambia miye yenye uliwaambia bale," alisema hatimaye, "ningekubali kazi tu. Kitu kimoja hakingebadilika. Lakini ningekuwa muntu mwenye ameambiwa."